Mama anasahau, kaka ana hati: nani aamue juu ya shamba lake?

"Shikamoo wakili. Mama yetu ana miaka 74 na anaishi Ngamiani, Tanga, katika nyumba waliyojenga na marehemu baba. Ana pia shamba la minazi na michungwa huko Muheza, alilorithi kwao. Tangu mwaka jana anasahau sana. Anauliza jambo moja mara tatu, anaacha sufuria motoni, na ikifika jioni husema arudishwe nyumbani ilhali yumo nyumbani kwake. Lakini asubuhi anazungumza vizuri, anawajua wajukuu wote kwa majina, na anajua mpangaji yupi hajalipa kodi. Mwezi uliopita kaka yetu mkubwa alikuja na mtu, wakamwekesha mama dole gumba kwenye hati ya uwakilishi inayompa kaka mamlaka ya kuuza shamba. Kaka anasema hati ina muhuri wa wakili, kwa hiyo hakuna wa kuipinga. Shangazi anataka kikao cha ukoo kimteue mtu mwingine. Mdogo wangu aliyeko Muscat anasema tumpeleke mama hospitali apewe cheti kwamba hana akili timamu, na anasema Uingereza sheria ilishabadilishwa, mtu huchagua mwenyewe na mapema atakayemsimamia. Je, dole la mama ni halali? Na tumlinde vipi bila kumvunjia heshima?"

Marahaba, dada yangu, na pole kwa mzigo huo, maana kumuuguza mzazi ni kazi na kugombana na ndugu juu yake ni kazi ya pili. Nimeyasoma maelezo yako zaidi ya mara moja, na naona kuna mambo matatu yaliyoshikana: hati ya mwezi uliopita, mamlaka juu ya mali ya mama kuanzia sasa, na namna ya kumkinga bila kumgeuza mtoto ndani ya nyumba yake. Kabla ya hayo yote kuna dhana moja inayowapotosha kaka, shangazi na mdogo wako kwa pamoja, ingawa kila mmoja anavutia upande wake. Wote watatu wanaamini kwamba akili timamu ni kitu ambacho mtu ama anacho chote ama amekikosa chote, na kwamba yupo wa kulimaliza suala hilo kwa karatasi moja: kaka anategemea muhuri, shangazi anategemea ukoo, mdogo wako anategemea daktari.

Sheria yetu haiko hivyo, na haijawa hivyo kwa muda mrefu. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inasema katika kifungu cha 12 kwamba mtu huhesabiwa kuwa na akili timamu kwa ajili ya mkataba ikiwa, wakati anaufanya, anaweza kuuelewa na kupima kwa busara utakavyogusa maslahi yake. Kifungu hichohicho kinakubali kwamba mtu ambaye kwa kawaida akili yake imeyumba anaweza kufunga mkataba katika saa zake za utulivu, na kwamba mtu ambaye kwa kawaida ni mzima hawezi kufunga mkataba akiwa amechanganyikiwa. Kwa hiyo hakimu hatauliza kama mama yenu ana akili. Atauliza kama siku ile, saa ile, kuhusu hati ile, alielewa alichokuwa anafanya. Mama anaweza kuwa na uwezo kamili wa kuamua anunue samaki gani, amdai mpangaji yupi na alale kwa binti yupi, huku akiwa hana uwezo wa kumpa mtu mwingine mamlaka ya kuuza ardhi. Ili hilo la mwisho liwe halali, ilimpasa ajue kwamba shamba ni lake, ajue angalau kwa makadirio thamani yake, aelewe kwamba likiuzwa halirudi, aelewe kwamba mwanawe ataweza kuliuza bila kumwuliza tena, na ajue kwamba alikuwa na hiari ya kukataa.

Sasa tuje kwenye muhuri. Muhuri huo wakili huugonga kama kamishna wa viapo, yaani mtu aliyeruhusiwa kisheria kushuhudia viapo na sahihi, nao unathibitisha kwamba mtu fulani alifika mbele yake tarehe fulani, mahali fulani, akatia sahihi au dole. Hauthibitishi kwamba aliyetia dole alielewa, na mahakama haizuiwi na muhuri kuuliza yaliyotokea chumbani. Ningekuwa nimekaa na mama yenu ningetaka kujua nani alimsomea hati, na kwa lugha gani. Hati nyingi za uwakilishi bado huandikwa kwa Kiingereza, na mzee wa Muheza aliyelelewa kwa Kibondei huenda hata Kiswahili cha ofisini kikampita akiitikia tu "ndiyo, baba" kwa adabu. Ningetaka kujua saa pia, kwa sababu umeniambia mwenyewe kwamba jioni mama hupotea. Kisha ningeuliza nani aliyemwita wakili, nani aliyemlipa, na kaka alikuwa amekaa wapi wakati dole linawekwa. Wakili mwangalifu huwatoa watoto nje, humwuliza mzee maswali yasiyojibika kwa ndiyo au hapana, na huandika majibu yake kwa maneno yaleyale aliyoyatumia. Ikiwa hayo hayakufanyika, hati ya kaka ni nyepesi kuliko anavyodhani.

Ipo tofauti hapa ambayo watu huichanganya. Ikiwa mama hakuelewa kabisa, hati hiyo ni batili tangu mwanzo, kana kwamba haikuandikwa. Ikiwa alielewa lakini alisukumwa na mwanawe, basi tunaingia kwenye kile ambacho kifungu cha 16 kinakiita ushawishi usiofaa, na kifungu hicho kinawataja waziwazi watu ambao uwezo wao wa akili umeathirika, kwa muda au moja kwa moja, kwa sababu ya umri au maradhi. Hati ya namna hiyo inabaki hai mpaka itenguliwe. Ndiyo maana kukaa kimya mkisubiri mambo yajitengeneze ni hatari.

Sasa angalia mahali hati ya kaka inapojifunga yenyewe. Aliyetoa hati ya uwakilishi anaweza kuifuta wakati wowote maadamu anaelewa anachofanya. Aidha, Sheria ya Mikataba inasema uwakala hukoma pale anayewakilishwa anapofariki au anapopoteza akili timamu. Kwa hiyo, kaka akisema mama ni mzima, mama huyohuyo anaweza kesho asubuhi kuifuta hati. Akisema mama si mzima tena, hati imekoma. Hakuna upande anaoweza kusimama salama, isipokuwa mmoja: kumpata mnunuzi asiyejua lolote kabla ninyi hamjatoa taarifa. Kufutwa au kukoma kwa uwakala humfunga mtu wa tatu pale anapopata habari, kwa hiyo habari ndiyo kinga yenu ya kwanza. Kama shamba limo katika ardhi ya kijiji, uuzaji wake unahitaji ridhaa ya halmashauri ya kijiji. Andikeni barua kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji, mkieleza kwamba hati inabishaniwa, na hakikisheni nakala yenu imegongwa muhuri wa kupokelewa na kuandikwa tarehe. Kama shamba lina hati iliyosajiliwa, wakili wenu aende ofisi ya Msajili wa Hati kuweka zuio.

Ukishaona hilo utaona pia kwa nini ushauri wa mdogo wako, pamoja na nia yake njema, unaweza kuwaumiza. Mkimpeleka mama hospitali kutafuta cheti kinachosema kwa jumla kwamba hana akili timamu, mtakuwa mmefunga mlango mwepesi kuliko yote, yaani mama mwenyewe kuifuta hati. Siku atakapoweka dole kuifuta, kaka atatoa cheti chenu mfukoni na kusema ninyi ndio mliotangaza kwamba dole lake halina thamani. Cheti hicho kitamfuata mama kila mahali: benki, kwenye pensheni kama anayo, hata kwenye wasia wake.

Hospitali mwende, lakini mwende kwanza kwa ajili ya matibabu. Kusahau si lazima kuwe ni uzee, na si kila kusahau ni dimenshia, yaani maradhi ya ubongo yanayomaliza kumbukumbu na uelewa polepole. Upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kufanya kazi kidogo, sukari isiyodhibitiwa, huzuni ya muda mrefu baada ya kufiwa, damu iliyovia kichwani baada ya kuanguka, na baadhi ya dawa za usingizi vyote vinaweza kumfanya mzee aonekane amepotewa na akili, na mengi kati ya hayo hutibika. Mzee mwenye mtoto wa jicho au masikio mazito hujibu ovyo kwa sababu hajaona au hajasikia swali. Nendeni hospitali ya Bombo asubuhi, na mwenye kufuatana naye awe yule anayelala naye nyumba moja, si yule mwenye sauti kubwa. Mwombeni daktari aandike mama anaelewa nini na anashindwa nini, kwa tarehe na saa. Ripoti ya namna hiyo itawafaa mara mia kuliko cheti cha mstari mmoja.

Ikiwa daktari ataona kwamba asubuhi mama bado anaelewa, tafuteni wakili ambaye si wa kaka wala si wenu, na siku hiyohiyo au inayofuata mama akae naye peke yake, pamoja na mkalimani wa Kibondei asiye na maslahi kama inahitajika. Hapo mama aulizwe anataka nini. Jiandaeni kusikia jibu msilolipenda. Inawezekana kabisa akasema kwamba alitaka kaka auze, kwa sababu anazozijua yeye. Uamuzi ambao watoto wanauona wa kijinga bado ni uamuzi, na Katiba yetu, ibara ya 24, inalinda haki ya kila mtu ya kumiliki mali, bila kuwatoa wazee wala wasahaulifu. Akisema hataki, wakili aandike hati ya kufuta, nakala ipelekwe kwa kaka kwa saini ya kupokea, nyingine kijijini, na nyingine kwa Msajili kama ile ya kwanza ilisajiliwa.

Shangazi yako nimheshimu, lakini nimsahihishe. Watu wengi wa pwani wamezoea kwamba muhtasari wa kikao cha ukoo hupelekwa mahakamani, kisha mtu akateuliwa. Hiyo ni mirathi, na mirathi ni ya marehemu. Mama yenu yu hai, na ukoo hauna mamlaka ya kugawa au kusimamia mali ya mtu aliye hai, hata wote wakikubaliana. Kikao kina kazi nyingine nzuri: kupanga nani analala na mama, nani anapokea kodi na kuiandika kwenye daftari, nani anashika kadi ya kliniki, na kumsikiliza kaka bila kumzomea. Huenda ana deni, au amechoka kulipia dawa peke yake wakati ninyi wengine mnatuma salamu. Na kwa kuwa umetaja nyumba ya marehemu baba, hakikisheni mirathi yake ilifunguliwa na kufungwa, kwa sababu kama haikufunguliwa, sehemu ya baba katika nyumba hiyo si ya mama peke yake kuamua, wala ya kaka.

Ikiwa daktari ataona kwamba mama hawezi tena kuelewa mambo ya mali hata asubuhi, njia iliyobaki ni mahakama. Sheria ya Afya ya Akili ya 2008, iliyochukua nafasi ya sheria ya zamani ya magonjwa ya akili, inaruhusu ndugu kuomba msimamizi wa mali ya mtu asiyeweza kuendesha mambo yake, na maombi ya aina hii yamekuwa yakisikilizwa na Mahakama Kuu, ambayo ipo hapo Tanga. Sitakupamba: njia hiyo ina gharama, inachukua muda, na mambo ya ndani ya mama yatasomwa mbele ya watu. Udhaifu wake mkubwa kwangu ni kwamba inaelekea kumhukumu mtu mzima kwa ujumla, hawezi au anaweza, badala ya kuangalia jambo moja moja. Mwombeni wakili wenu aandike maombi finyu: amri ihusu shamba na kodi za nyumba tu, msimamizi atoe hesabu kwa mahakama, asiuze ardhi bila idhini yake, na mama aletwe au afuatwe na kusikilizwa. Msimamizi anayepatikana kwa amri hiyo si mmiliki, na akila mali anajibu kwa aliyemteua.

Kuhusu Uingereza, mdogo wako hakukosea. Kwao pia hati ya uwakilishi ilikuwa inakufa mwenye mali anapopoteza uwezo, yaani inakufa siku inapohitajika zaidi. Mwaka 1985 walitunga sheria ya kuiruhusu iendelee, kisha wakaona imeacha mianya mingi ya wizi wa watoto kwa wazazi, wakatunga nyingine ya 2005 iliyoanza kutumika 2007. Kwa sheria hiyo mtu mzima mwenye kuelewa huchagua mapema wa kumwamulia mambo ya mali, au ya afya, au yote mawili. Mtu asiye na maslahi huthibitisha kwamba anaelewa na hajalazimishwa, na hati haifanyi kazi mpaka isajiliwe katika ofisi ya serikali inayoweza kumchunguza aliyeteuliwa. Sheria hiyo inaanza na misingi mitano, na miwili kati yake ningependa kila hakimu na kila mtendaji wa kata aijue: kwamba mtu mzima huhesabiwa kuwa anaweza kuamua mpaka ithibitishwe vinginevyo, na kwamba asiambiwe hawezi kabla hajasaidiwa kwa kila njia inayowezekana ili aweze. Wasikudanganye kwamba kwao mambo yamekwisha. Mwaka 2019 walipitisha kinga mpya kwa watu wanaozuiliwa kwenye nyumba za matunzo bila uwezo wa kuridhia, na mwaka 2023 serikali yao ikatangaza kuiahirisha. Ireland iliachana na sheria yake ya mwaka 1871 kwa sheria ya 2015 iliyoanza kutumika 2023, na Peru ilikwenda mbali zaidi mwaka 2018, ikaondoa usimamizi wa jumla kwa watu wazima wenye ulemavu na kuweka wasaidizi wa maamuzi mahali pake.

Nasi hatuko nje ya mjadala huo. Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na ibara yake ya 12 inataka mtu mwenye ulemavu, ukiwamo wa akili, atambuliwe mbele ya sheria sawa na wengine na asaidiwe kutumia uwezo wake badala ya kunyang'anywa. Mwaka uliofuata tukatunga Sheria ya Watu wenye Ulemavu. Mtoto amewekewa sheria yake nzito ya 2009. Mzee ana Sera ya Taifa ya Wazee ya 2003, na sera huwezi kuishika mkononi ukaenda nayo mahakamani kumzuia mtu asiuze shamba. Kwa maoni yangu hatuhitaji kunakili sheria nzima ya Waingereza. Kifungu kimoja cha kuruhusu hati ya uwakilishi iendelee baada ya mtu kupoteza uwezo, chenye masharti ya kusajiliwa na ya watoto wote kupewa taarifa kabla haijaanza kutumika, kingepunguza kesi nyingi za aina ya yenu. Mpaka kiwepo, ujue kwamba hata hati nzuri ambayo mama angeiandika leo kwa jina lako itakoma siku akili yake itakapozima, kwa hiyo msiitegemee kama mpango wa miaka kumi.

Katika mambo ya kila siku kuna moja la kuangalia haraka, nalo ni simu. Siku hizi mali ya mzee haitoki kwa hati tu. Hutoka kwa namba ya siri ya pesa za simu ambayo kila mjukuu anaijua. Mwulizeni mama, kwa saa yake nzuri, namba hiyo aijue nani, ibadilishwe mbele yake, na kila kinachotoka kiandikwe kwenye daftari la kodi. Wala msimfungie chumbani jioni eti asipotee. Mfuatane naye barazani, zungukeni naye mtaa, arudi. Kumfungia mtu ni kumnyima uhuru wake, na mara nyingi huongeza hofu na vurugu.

Msisubiri barua wala kikao ikiwa mnunuzi ameshaonyeshwa shamba, mipaka inapimwa au minazi inakatwa. Hapo wakili aombe amri ya zuio ndani ya wiki hiyo. Kama hamna uwezo wa kumlipa, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua watoa msaada waliosajiliwa, na ofisi ya ustawi wa jamii ya Jiji itawaelekeza. Mama akipigwa, akinyimwa chakula au akifichwa, nendeni polisi, dawati la jinsia. Na akichanganyikiwa ghafla ndani ya saa au siku chache, akiwa na homa, baada ya kuanguka, au mkono mmoja ukilegea, hilo si la wakili kabisa: mkimbizeni Bombo usiku huohuo.

Utakapokwenda kwa wakili, chukua nakala ya hati ya kaka, au angalau picha yake, karatasi za shamba, kadi ya kliniki na majina ya dawa zote anazotumia mama. Andika pia, kabla hujasahau wewe, nani walikuwamo chumbani siku ile ya dole na ilikuwa saa ngapi.